Maandishi Madogo Mlangoni mwa Ndege

Hotuba kwa marubani vijana na wanafunzi wa urubani, Nairobi

Makapteni wenzangu, walimu wa urubani, wazazi mliokuja na watoto wenu, nanyi vijana wa Wilson ambao bado mnahesabu masaa ya kuruka kama mtu anavyohesabu sarafu za nauli mwisho wa mwezi: hamjambo nyote.

Nimeombwa niseme juu ya nafasi za kazi kwa rubani huko Marekani. Nitasema. Lakini naomba mniruhusu nianzie mlangoni mwa ndege, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza jambo ninalotaka mwondoke nalo leo.

Nilipoajiriwa mara ya kwanza kule, nilipewa ndege ya viti 50. Mkia wake ulipakwa rangi za kampuni kubwa, mojawapo ya zile ambazo kila mtu hapa anazijua. Tiketi ya abiria ilikuwa na jina la kampuni hiyo kubwa. Kitambaa cha karatasi alichopewa na soda yake kilikuwa na nembo hiyo hiyo. Tangazo la kumkaribisha lilitaja jina hilo hilo. Sasa simama kwenye ngazi, uangalie pembeni ya mlango, usawa wa bega. Kuna mstari wa herufi zisizozidi urefu wa kidole: "inaendeshwa na", kisha jina ambalo abiria hajawahi kulisikia maishani mwake. Huyo ndiye aliyekuwa mwajiri wangu. Kwa miaka saba nilikuwa mtu wa herufi zile ndogo.

Nyinyi mnaopanda matatu mtanielewa upesi. Ubavuni pameandikwa jina la sacco, na abiria akikasirika anaitukana sacco. Lakini dereva ameajiriwa na mwenye gari, na siku nyingine aliyeshika usukani ni yule aliyeachiwa mizunguko miwili mitatu dereva akale chakula. Gari likianguka, jina kubwa linasema: huyo hatumjui, hakuwa mtu wetu. Wazee wetu wa pwani walishaonya, usisafirie nyota ya mwenzio. Biashara nzima ya ndege za mikoani kule Marekani imejengwa juu ya kusafiria nyota ya mwenzio.

Mambo haya yana historia, na nitaipitia haraka. Mwaka 1967 kampuni iliyoitwa Allegheny ilikuwa na njia ndogo ya Hagerstown hadi Baltimore isiyoleta faida. Badala ya kuifunga, ikamwachia mwenye kampuni ndogo, Henson, airushe kwa ndege zake ndogo akitumia jina la Allegheny. Lilikuwa wazo la maana, na mji ule ulibaki na ndege. Mwaka 1978 Rais Carter akatia saini sheria iliyoondoa mikono ya serikali kwenye nauli na njia za ndege. Baada ya hapo kila kampuni kubwa ikawa inakusanya abiria kutoka miji midogo na kuwaleta kwenye kituo chake kikuu, na kazi ya kuwakusanya ikapewa wadogo.

Marubani wa kampuni kubwa waliona hatari mapema. Kama mwajiri anaweza kumpa mtu mwingine ndege ya abiria 20, nani atamzuia kesho asimpe ya abiria 200? Wakaweka kifungu katika mkataba wao wa pamoja. Wenyewe wanakiita skopu, na katika mikataba mingi ndicho kifungu cha kwanza kabisa, kabla ya mshahara, kabla ya likizo, kabla ya matibabu. Maneno yake yakichambuliwa yanasema hivi: safari zote za kampuni hii zitarushwa na marubani walio kwenye orodha hii ya ukongwe, yaani orodha ya nani alianza kazi kabla ya nani, isipokuwa hizi. Kisha yanafuata yale "isipokuwa". Idadi ya viti. Uzito wa ndege wakati wa kuruka. Idadi ya ndege za namna hiyo.

Vijana wangu, niliwahi kuuona mkataba wa namna hiyo ukiwa mezani, mnene kama kitabu cha simu cha zamani. Kifungu cha mshahara kilikuwa kimechakaa kwa kufunguliwa. Kurasa za skopu zilikuwa safi kabisa, kana kwamba hazijawahi kuguswa. Na zile kurasa safi ndizo zilizoamua maisha yangu.

Maana walioandika "isipokuwa" walikosea mahali pamoja, na hili nalisema kwa heshima, kwa kuwa wengi wao walikuwa walimu wangu. Walipochora mstari walitazama ukubwa wa ndege. Enzi hizo ndege ndogo ilikuwa ya pangaboi, yenye kelele, inayoruka chini kwenye mawingu na kurusharusha abiria. Rubani wa Boeing hakuona shida kuiacha iende. Kisha mwaka 1993 Comair ya Cincinnati ikaanza kuruka na jeti ya Kikanada ya viti 50, CRJ. Mwaka 1997 ikaingia Embraer 145 kutoka Brazili. Ghafla kile "kijidege" kilikuwa kinaruka juu sana, kinakimbia karibu sawa na Boeing, na kinaweza kwenda safari ya saa tatu. Njia zilizokuwa za ndege kubwa zikaanza kuhamia kwenye jeti ndogo. Mstari ulikuwa pale pale karatasini, lakini kilichosimama upande wa pili wake kilikuwa kimekua.

Halafu likaja Septemba 11, na baada yake kufilisika kwa kampuni kubwa. US Airways na United mwaka 2002. US Airways tena mwaka 2004. Delta na Northwest siku moja, Septemba 14, 2005. Mwisho American, Novemba 2011. Kule kampuni ikiingia mahakama ya ufilisi inaweza kumwomba hakimu aifute mikataba ya wafanyakazi. Kwa hiyo marubani wakaketi mezani wamewekewa kisu shingoni. Mishahara ikakatwa. Pensheni za marubani wa US Airways, United na Delta zikavunjwa. Na kila mara, katikati ya yote hayo, mwajiri alikuwa na ombi moja zaidi: legezeni kidogo kile kifungu cha kwanza. Viti 50 vikawa 70. Vikawa 76.

Kuna kapteni mmoja mstaafu aliyepiga kura ya ndiyo wakati huo. Aliniambia tukiwa tumekaa jikoni kwake, chai imepoa: "Walituuliza tunataka kulinda nini, pensheni au vijidege. Tukatoa vijidege. Mwaka uliofuata wakachukua na pensheni." Sikumlaumu. Mtu anayezama hachagui kamba. Lakini angalieni kilichorudi na kisichorudi. Mishahara imerudi, tena imepita ilipokuwa: mwaka 2023 marubani wa Delta walipata mkataba wa nyongeza ya asilimia 34 hadi mwaka 2026. Safari zile zilizotolewa zimebaki kwa wengine. Kule kuna miaka ambapo karibu nusu ya safari zote za ndani zilikuwa zikirushwa na kampuni za herufi ndogo.

Sasa mtauliza, hao wadogo wanapataje faida, na ndege ni ghali? Hapa panataka utulivu. Katika mikataba mingi kampuni kubwa hupanga ratiba, huuza tiketi, hulipia mafuta, na hubeba hasara ndege ikiruka tupu. Kampuni ndogo hutoa ndege, marubani na wahudumu, na hulipwa kwa kila safari na kwa kila saa. Basi jiulize: mdogo anayetaka kumshinda mdogo mwenzake kwenye zabuni apunguze bei wapi? Mafuta si yake. Nauli si yake. Bei ya injini inajulikana. Kilichobaki ni watu. Anayeshinda ni yule ambaye marubani wake ni wapya, wako ngazi ya chini ya mshahara. Na marubani wake wakikaa miaka kumi, wakapanda ngazi, wakaoa, wakawa na uzoefu, tayari amekuwa ghali. Zabuni ijayo inakwenda kwa mwingine mwenye vijana.

Nawaambia jambo lililonipata mwenyewe, na kampuni sitaitaja. Mwaka wangu wa saba tuliitwa tukaambiwa mkataba na kampuni kubwa hautahuishwa. Wakati huo nilikuwa nimefika nafasi nzuri kwenye orodha ya ukongwe, nachagua safari zangu, naweza kuwa nyumbani siku ya Idi. Katika kazi yetu namba hiyo ndiyo kila kitu: likizo, kituo, ndege utakayorusha, lini utakuwa kapteni. Na haihamishiki. Nilipoajiriwa kwingine nilianza mwisho wa orodha, chini ya kijana niliyekuwa nimemfundisha kutua.

Miezi minane baadaye nilikuwa nasafiri kama abiria, nimekaa kiti cha nyuma. Nikashusha meza ya kiti cha mbele. Kwenye bawaba yake ya kushoto kulikuwa na ufa mdogo uliozibwa kwa gundi ya manjano. Nikaujua. Niliwahi kuuandika mwenyewe kwenye kitabu cha hitilafu, fundi akauziba nikimtazama. Wakati wa kushuka nikachungulia mlangoni. Rangi ile ile. Nembo ile ile. Hata zulia lilikuwa lile lile. Herufi ndogo tu ndizo zilizofutwa, pakaandikwa jina jingine, na rangi mpya ilikuwa inang'aa kidogo kuliko ya pembeni yake.

Ndege ilifuata mkataba. Sisi hatukuifuata.

Wapo watakaosema: si mngegoma? Comair waligoma. Machi 2001 walisimamisha kazi kwa siku 89, na walipata mkataba ambao marubani wa kampuni ndogo walikuwa hawajawahi kuuona. Nawaheshimu mpaka leo. Lakini wao walikuwa na nguvu ya kumgomea mwenye kampuni, hawakuwa na karatasi inayosema zile safari ni zao. Taratibu kazi ikaenda kwa wengine, na mwisho wa Septemba 2012 Comair ikafungwa kabisa.

Sasa nifike mahali ambapo marubani kwa marubani tunavunjiana heshima, maana hamtanisikia nikijifanya kwamba ugomvi wote ni kati yetu na mwajiri. Ukikaa chumba cha marubani usiku wa theluji, safari zimeahirishwa, kahawa imeisha, mjadala huu hauna budi kuanza. Rubani wa kampuni kubwa atasema: kila ndege unayorusha wewe ilikuwa kazi ya mwenzangu aliyeachishwa. Rubani wa kampuni ndogo atajibu: ulipokuwa unaitoa hukuniuliza, na leo skopu yako inaninyima ndege ya viti 90 ambayo ingeniongezea mshahara. Mwaka 2001 mambo yalifika mahakamani, marubani wa kampuni ndogo wakakishtaki chama chao wenyewe, chama kinachowakilisha wakubwa na wadogo pamoja, wakidai kinawauza wadogo kwa faida ya wakubwa.

Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo, na nina hukumu yangu. Skopu ni haki. Mtu anayeuza tiketi kwa jina lake anapaswa kuajiri anayeirusha. Lakini kuta zilijengwa kwa kuhesabu viti, na waliokuwa nje ya ukuta walikuwa marubani wenye leseni ile ile, wanaotua kwenye uwanja ule ule, kwenye upepo ule ule. Tangu siku jeti ya kwanza ya viti 50 ilipotua, ilifaa iingizwe ndani ya orodha ile ile, hata kwa mshahara mdogo kuliko wa Boeing. Kijana angeanza kwenye ndege ndogo, akapanda ngazi ndani ya nyumba moja hadi kustaafu. Wakubwa waliona aibu kuwa na "vijidege" kwenye mkataba wao. Aibu hiyo imetugharimu sote.

Gharama nyingine si ya pesa. Februari 12, 2009, ndege aina ya Dash 8 Q400 ya kampuni ndogo, Colgan Air, ikiwa na rangi na jina la kampuni kubwa, Continental, iliondoka Newark kwenda Buffalo. Ikaangukia nyumba pale Clarence Center. Wote 49 waliokuwemo walikufa, na mtu mmoja ndani ya nyumba. Bodi ya uchunguzi ilisema chanzo ni namna kapteni alivyoitikia onyo: ndege ilikuwa imepunguza mwendo mno, usukani ukatetemeka kumwonya, naye akauvuta badala ya kuusukuma. Hilo ndilo kosa lililotajwa, na nisiwadanganye kwamba mkataba ulivuta usukani. Lakini uchunguzi ulifunua mengine. Rubani msaidizi aliishi karibu na Seattle, upande wa pili wa bara, na alisafiri usiku kucha akidandia ndege za mizigo ili awahi kazini Newark. Kipato chake cha mwaka hakikufika dola 25,000. Kapteni naye aliwahi kulala kwenye chumba cha mapumziko cha kampuni, kwenye kochi, kwa kuwa kupanga chumba mjini ni ghali.

Nimelala kwenye makochi hayo. Ngozi yake ya bandia inakushika shavuni, na kila baada ya nusu saa mlango unafunguka, mtu anaburuta begi lenye magurudumu. Saa kumi na moja alfajiri unanyoosha shati lako kwa viganja, unakwenda kubeba watu 50.

Familia za waliokufa Buffalo hazikunyamaza. Walikwenda Washington mara nyingi, wamebeba picha za wapendwa wao, hadi sheria ikapitishwa mwaka 2010. Kwa sheria hiyo rubani msaidizi, ambaye zamani angeweza kuajiriwa akiwa na masaa 250, sasa kwa kawaida lazima awe na 1,500. Kanuni za mapumziko zikaandikwa upya. Na sheria ikaamuru kwamba anayeuza tiketi aonyeshe, tangu mnunuzi anapoiona safari, ni kampuni gani hasa itakayoirusha. Zile herufi ndogo za mlangoni, ilibidi watu 50 wafe ndipo zihamie kwenye tiketi.

Nisiwaache mkidhani hakuna kilichowahi kurudishwa. Mwaka 2012 marubani wa Delta walifanya biashara ya akili. Walikubali ndege za viti 76 ziongezeke hadi 223, lakini kwa sharti kwamba zile za viti 50 zipunguzwe hadi 125, na kampuni ilete Boeing 717 zipatazo 88 ambazo zingerushwa na marubani wa Delta wenyewe. Wapo waliopiga kelele kwamba hata hivyo ni kulegeza, na hoja yao ina uzito. Lakini pale watu waliohesabu vizuri walirudisha safari ndani ya nyumba.

Na mkitaka kuona nguvu ya karatasi, itazameni ndege inayoitwa CRJ550, iliyotangazwa na United mwaka 2019. Mwili wake ni wa ndege ya viti 70. Mkataba wa marubani uliruhusu idadi fulani tu ya ndege za ukubwa huo, basi wakaing'oa viti mpaka vikabaki 50, nafasi iliyobaki wakaweka makabati ya mizigo na meza ya vitafunio. Abiria anajichukulia karanga mahali ambapo kingekuwa kiti, kwa sababu ya aya moja iliyoandikwa na marubani. Wajapani walibuni jeti yao, Mitsubishi, na mojawapo ya mambo yaliyowakwaza ni kwamba toleo la kwanza lilikuwa zito kupita kiwango cha mikataba ya Marekani, pauni 86,000, yaani kama tani 39. Mwaka 2023 wakaachana nayo kabisa. Embraer nao wana toleo jipya la E175 lililozuiwa na uzito huo huo. Msiambiwe kwamba kifungu cha mkataba ni maneno matupu.

Kisha baada ya korona marubani wakaadimika. Mwaka 2022 kampuni ndogo zinazomilikiwa na American zikapandisha malipo ya rubani msaidizi wa mwaka wa kwanza hadi dola 90 kwa saa. Watu walioambiwa kwa miaka 20 kwamba pesa hazipo, wakaona pesa zimepatikana ndani ya majuma machache. Wakati huo huo miji kama Toledo na Ithaca ikapoteza ndege za American. Nasema hili kwa ajili yenu mnaopanga kwenda kule: mlango ule ulifunguliwa na uhaba. Uhaba ukiisha, kitakachobaki mkononi mwenu ni mlichoandika wakati wa uhaba.

Na nyumbani je? Kenya Airways ilianzisha kampuni tanzu, Jambojet, iliyoanza safari Aprili 2014 na ambayo leo hurusha Q400. Imewafikisha watu Mombasa, Kisumu na Eldoret kwa nauli ambazo zamani zilikuwa ndoto, na humu ndani wamo vijana wake ninaowapongeza. Sisemi wamekosa, na hali yetu si ile ya Marekani. Nasema tu kwamba swali limeshafika uwanjani kwetu: ndege ya kampuni mama na ya kampuni tanzu, je, marubani wake watakuwa wa orodha moja au mbili? Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, na hoja zilizosikika zaidi zilikuwa mfuko wa akiba ya uzeeni na mishahara iliyozuiliwa. Ni hoja za haki. Ningependa mara nyingine watakapoketi mezani, kifungu cha nani anarusha nini kiwe juu ya rundo.

Naombeni mdai mambo mawili, popote mtakapoajiriwa. Kwanza, ndege ikihamishiwa kwa mkandarasi mwingine, marubani wake waifuate, na namba zao za ukongwe ziwafuate. Pili, mkataba uandike "kila ndege inayouzwa kwa jina letu", bila kutaja viti. Mwajiri atakataa la pili. Anzeni nalo hivyo hivyo.

Kesho nitakuwa hapa tena kuanzia saa mbili asubuhi, chumba cha pembeni, na chai itakuwepo. Mwenye mkataba wa kazi aje nao, hata kama ni karatasi mbili za kibarua cha miezi sita. Tutaanzia ukurasa wa kwanza, tutafute nani ametajwa kuwa mwajiri, na kama jina hilo ndilo lililoandikwa kwenye mkia wa ndege. Asanteni sana.